Darasa la Baharini: Kituo cha Discovery Bay, Jamaika

Katika historia ya masomo ya sayansi yanayofundishwa nje ya chumba cha darasa, kisiwa cha Jamaika kina sehemu ambayo haijaelezwa sana kwa Kiswahili. Tumeona yafaa kuieleza hapa, kwa kuwa inawagusa walimu wa kila somo, wala si wale wa elimu ya viumbe peke yao.

Habari yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1878 Profesa William Keith Brooks wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alianzisha maabara ya kiangazi isiyokuwa na makao ya kudumu. Ilihamishwa kutoka pwani moja hadi nyingine, na katika miaka ya 1890 wanafunzi wake wakafika Jamaika. Mmoja wao, Franklin Story Conant, alishughulika na yavuyavu, wale viumbe wenye mwili mlaini wanaowasha ngozi ya mwogeleaji. Lakini kiangazi cha mwaka 1897 msafara ulipatwa na homa ya manjano. Mtaalamu wa mimea James Ellis Humphrey alifia huko huko Jamaika mwezi Agosti. Conant alifika kwao akafariki mwezi Septemba, na kitabu chake kikatolewa mwaka uliofuata, mwenyewe akiwa kaburini. Yafaa ikumbukwe kuwa Daktari Carlos Finlay wa Kuba alikuwa amekwisha sema tangu mwaka 1881 kwamba homa hiyo huenezwa na mbu. Hakusadikiwa mpaka mwaka 1900.

Wanafunzi hao walikuwa wageni. Walikuja na vyombo vyao, wakaondoka na chupa zao, na kijana wa Jamaika hakuwa na nafasi katika darasa hilo isipokuwa labda ya kupiga makasia. Hali ilianza kubadilika mwaka 1948, Chuo Kikuu cha Visiwa vya Karibi kilipofunguliwa huko Mona, kando ya mji wa Kingston, kikiwa bado chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Hapo ndipo alipofika Thomas Goreau mwanzoni mwa miaka ya 1950. Goreau alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kwanza kuyachunguza matumbawe kwa kuzama mwenyewe na mtungi wa hewa mgongoni, badala ya kuyangojea mashuani yaletwe vipande vipande. Alifanya kazi hiyo pamoja na mkewe Nora, mzaliwa wa Panama. Mwaka 1959 alichapisha maelezo ya mwamba wa Jamaika kanda kwa kanda, tangu ufukweni hadi kwenye kina, na katika miaka ya 1960 akaanzisha maabara katika ghuba ya Discovery Bay, pwani ya kaskazini. Alifariki mwaka 1970, hali bado kijana.

Maabara ile ikawa shule. Wanafunzi wa Jamaika wenyewe, pamoja na wale wa ng'ambo, walikuja kwa majuma machache kujifunza kazi ambayo mtu akiielezwa tu huiona ni ndogo: kutandaza kamba yenye alama juu ya mwamba, kuhesabu kila kilichomo chini yake, na kuandika kwa penseli juu ya kibao cha plastiki huku mawimbi yakimvuta huku na huku. Tungependa msomaji asiidharau kazi hiyo. Kubuni maelezo mazuri juu ya bahari ni rahisi kuliko kuhesabu mita moja ya mwamba bila kukosea.

Tarehe 6 Agosti 1980 kimbunga kilichoitwa Allen kilipita kaskazini ya kisiwa. Matumbawe yenye matawi kama pembe, ambayo vizazi vya wanafunzi vilikuwa vimejifunzia, yalivunjika yakawa kifusi, na mengi yaliyosalia yakaendelea kufa katika miezi iliyofuata. Bado mwamba ulikuwa na walinzi wake, na mkubwa wao alikuwa Diadema, mnyama wa duara mwenye miiba mirefu myeusi, ambaye kazi yake ni kula mwani. Mwezi Januari 1983 wanyama hao walianza kufa huko Panama, karibu na mlango wa mfereji. Kifo kikafuata mkondo wa maji, kikafika Jamaika mwaka huo huo, na katika muda wa mwaka mmoja hivi zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wametoweka katika Bahari ya Karibi.

Mwani ukakosa mlaji. Mwaka 1994 mtaalamu Terence Hughes alichapisha hesabu za pwani ile: mwaka 1977 matumbawe hai yalifunika asilimia 52 ya mwamba, mwaka 1993 yalifunika asilimia 3. Mwani ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 92. Hesabu hizo zisingewezekana kama hapangekuwa na watu waliopima mahali pale pale kabla ya msiba.

Lakini hapa ndipo historia hii inapotutia mashaka sisi walimu. Kwa nini ulinzi wa mwamba mzima uliachwa kwa mnyama mmoja? Kwa sababu pono, kangaja na samaki wengine wala mwani walikuwa wamekwisha pungua sana, wakinaswa katika madema ya waya yenye matundu madogo. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa pwani ya kaskazini ulikuwa umepita kiasi. Kwa maneno mengine, mwamba ambao Goreau aliupima kwa uangalifu, na ambao wanafunzi waliambiwa kuwa ndio mwamba wa asili, ulikuwa tayari umepungukiwa. Wingi wa Diadema ulisomwa kuwa ni neema ya bahari, kumbe kwa sehemu ulikuwa ni alama ya kutokuwapo samaki. Wazee wa madema waliyaona mabadiliko hayo kwa macho yao, lakini maneno yao hayakuingia katika vibao vya plastiki. Baadaye maabara iliwaendea wavuvi wa ghuba, ikawapa waya wenye matundu mapana zaidi ili samaki wachanga wapate kutoka. Kwa maoni yetu, hatua hiyo ilistahili kutangulia, wala si kufuata.

Diadema walirejea kidogo kidogo katika maji mafupi ya pwani ile kuelekea mwisho wa miaka ya 1990. Mwanzoni mwa mwaka 2022 walianza kufa tena, mara hii kutoka Visiwa vya Virgin. Safari hii palikuwa na watu waliokwisha kujua la kutazama. Vielelezo vikakusanywa upesi, na mwaka 2023 ikatangazwa kuwa muuaji ni kiumbe kidogo mno cha chembe moja chenye vinyweleo. Muuaji wa mwaka 1983 hajajulikana hadi leo, kwa maana wakati ule hapakuhifadhiwa vielelezo vya kutosha vya kupimia.