Amigdala

Amigdala ni kundi la viini vya seli za neva lililo ndani ya ubongo upande wa panja, mbele kidogo ya hipokampasi. Binadamu anazo mbili, ya kulia na ya kushoto, kila moja ikikaribia tunda la lozi kwa umbo na ukubwa. Kazi yake ni kukipa kila kinachoonwa, kusikika au kunuswa thamani yake kwa mhusika, kama ni cha hatari, cha manufaa au cha kupuuzwa, kisha kuuandaa mwili ipasavyo. Maandishi mengi ya kawaida huiita "kituo cha hofu". Jina hilo limeshika kwa sababu hofu ndiyo iliyokuwa rahisi kuchunguzwa maabarani. Kujifunza kutokana na tuzo nako kunaitegemea, na vilevile namna mwili unavyoukabili msongo.

Muundo

Wanaanatomia huigawa amigdala katika viini vipatavyo 13, na viini hivyo hukusanywa katika mafungu matatu. Fungu kubwa zaidi kwa binadamu ni la basolaterali, lenye kiini cha pembeni, cha msingi na cha msingi-ziada. Seli zake nyingi zinafanana na zile za gamba la ubongo na hutumia glutamati, kemikali ya kusisimua. Hapa ndipo taarifa za milango ya fahamu zinapoingilia, zikitoka kwenye thalamasi, kwenye gamba la ubongo na kwenye hipokampasi. Fungu la pili ni kiini cha kati, ambacho seli zake nyingi hutumia GABA, kemikali ya kuzuia. Hiki ndicho mlango mkuu wa kutokea: nyuzi zake hushuka hadi haipothalamasi na shina la ubongo, mahali panapoongozwa mapigo ya moyo, pumzi, jasho na mkao wa misuli. Fungu la tatu hushughulika zaidi na harufu na lina umuhimu mkubwa kwa panya kuliko kwa watu.

Baina ya mafungu hayo zimetandaa seli ndogo za kuzuia zinazoweza kukata mawasiliano kati ya lango la kuingilia na la kutokea. Pia ziko nyuzi nene kati ya amigdala na gamba la mbele la ubongo, zinazokwenda na kurudi, na nyingine za kwenda kwenye kiini akumbeni, ambacho ni sehemu ya mfumo wa tuzo.

Historia ya uchunguzi

Mwaka 1888 Sanger Brown na Edward Schäfer waliripoti kutoka London kwamba kima aliyeondolewa sehemu za ubongo za panja zote mbili alikuwa mpole kupita kiasi, ingawa hapo awali alikuwa mkali. Habari hiyo haikushughulikiwa sana kwa karibu miaka 50.

Iliibuka upya Chicago, karibu kwa bahati. Mwanasaikolojia Heinrich Klüver alikuwa akichunguza meskalini, dawa inayoleta maruweruwe, akamwomba mpasuaji Paul Bucy aondoe sehemu za panja za kima ili ajue dawa hiyo inafanyia kazi wapi. Kuhusu meskalini hawakupata la maana. Lakini kima waliopasuliwa walibadilika kabisa: walikuwa wapole, waliokota kila kitu na kukitia kinywani, chakula na kisicho chakula, walijamiiana ovyo, na walimsogelea nyoka waliyekuwa wakimkimbia. Hali hiyo, iliyoelezwa katika ripoti za 1937 na 1939, huitwa dalili za Klüver na Bucy. Mwaka 1956 Lawrence Weiskrantz alionyesha kwamba kuharibu amigdala peke yake kunatosha kuondoa hofu hiyo. Alieleza kwamba kima hao walipoteza uwezo wa kukihusisha kitu na wema au ubaya wake. Maelezo hayo yamedumu kuliko nadharia nyingi zilizokuja baadaye.

Saketi ya hofu

Sehemu hii ndiyo inayojulikana kwa undani kuliko zote, na msingi wake ni jaribio jepesi. Panya huwekwa ndani ya kizimba na kupigiwa mlio. Mlio unapokwisha, sakafu ya nyaya humpiga shoti ndogo ya umeme. Baada ya mara chache, mlio peke yake unamfanya agande palepale alipo: hatikisi hata sharubu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikipanda.

Joseph LeDoux wa New York alianza kuifuatilia njia ya mlio huo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alipoharibu gamba la kusikia, panya bado alijifunza kuogopa. Alipoharibu thalamasi ya kusikia, hakujifunza. Kwa hiyo ilikuwapo njia ya mkato kutoka thalamasi isiyopitia gamba, na njia hiyo ilimfikisha kwenye kiini cha pembeni cha amigdala. Kwa panya, mlio hufika hapo kwa takribani milisekunde 12. Njia ya kupitia gamba ni ndefu zaidi na huchelewa kidogo, lakini hubeba taarifa kamili zaidi. Kama njia ya mkato ina uzito kama huo kwa binadamu, hasa kwa vitu vinavyoonwa kwa macho, wataalamu hawajakubaliana.

Katika kiini cha pembeni, seli moja hupokea kwa pamoja habari za mlio na habari za shoti. Zinapokutana, sinapsi za mlio, yaani maungio ya seli yanayoleta habari zake, huimarika, na mwaka 1997 uimarishaji huo ulipimwa moja kwa moja ndani ya amigdala za panya waliofunzwa kuogopa. Kutoka hapo habari huenda kwenye kiini cha kati, ambacho nacho si swichi ya kuwasha tu. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba kina seli zinazowaka mnyama anaposikia mlio wa hatari na nyingine zinazozimika, na makundi hayo mawili huzuiana. Nyuzi zinazoshuka kwenye shina la ubongo huleta kuganda na kushtuka kwa nguvu. Zile za kwenda haipothalamasi hupandisha shinikizo la damu na homoni.

Hofu iliyofunzwa husambaa hadi kwa vitu vinavyofanana na cha awali. Ndiyo hali ya yule wa methali aliyeumwa na nyoka, ambaye akiona unyasi hushtuka. Inaweza pia kupungua: mlio ukipigwa mara nyingi bila shoti, panya huacha kuganda. Hata hivyo kumbukumbu ya kwanza haifutiki, kwani hofu hurudi baada ya muda au panya akihamishiwa kizimba kingine. Kinachotokea ni funzo jipya linalolikandamiza la zamani. Mwaka 2002 Mohammed Milad na Gregory Quirk, wakifanya kazi Ponce nchini Puerto Rico, walionyesha kwamba funzo hilo jipya linahifadhiwa kwenye gamba la mbele, ambalo huituliza amigdala. Miaka miwili kabla yao, Karim Nader na wenzake katika maabara ya LeDoux walikuwa wameonyesha jambo jingine: kumbukumbu ya hofu ikiamshwa huwa laini kwa saa chache, na dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini ikidungwa ndani ya amigdala wakati huo huidhoofisha.

LeDoux mwenyewe baadaye alijitenga na lugha iliyoenea kwa jina lake. Tangu 2012 amekuwa akisisitiza kwamba saketi hii hugundua tishio na kuanzisha kujihami, ilhali hofu kama mtu anavyoihisi na kuisimulia inahitaji pia gamba la ubongo.

Mgonjwa S.M.

Ushahidi mkubwa kwa binadamu umetoka kwa mwanamke Mmarekani anayetajwa katika maandishi ya kitabibu kwa herufi S.M. Ana ugonjwa wa Urbach na Wiethe, maradhi adimu ya kurithi yaliyoelezwa Vienna mwaka 1929, ambayo hukwaruza sauti, hufanya ngozi iwe nene na, kwa baadhi ya wagonjwa, huharibu amigdala kwa kuzijaza chokaa. Za S.M. zimeharibika zote mbili. Mwaka 1994 Ralph Adolphs na wenzake waliripoti kwamba hakuweza kutambua woga usoni mwa watu. Mwaka 2005 walipata sababu mojawapo: haangalii macho. Alipoelekezwa ayaangalie, aliutambua woga kama watu wengine.

Katika utafiti uliochapishwa 2011 alipelekwa kwenye duka la wanyama wa kufugwa. Mwenyewe alikuwa amesema anachukia nyoka, lakini alipofika alimshika mmoja kwa zaidi ya dakika tatu, akimpapasa magamba na kutaka kugusa wakubwa zaidi. Alipoingizwa kwenye jumba la vitisho la sikukuu, yeye ndiye aliyemshtua mmoja wa waigizaji. Ilionekana mtu huyu hana hofu kabisa, mpaka 2013 yeye na wagonjwa wengine wawili walipovutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi: wote watatu walitaharuki. Basi hofu inayotoka ndani ya mwili, kama ile ya kukosa pumzi, haiihitaji amigdala. Matokeo haya hutajwa mara chache kuliko yale ya nyoka, ingawa yana uzito zaidi.

Kundi jingine la wagonjwa wa maradhi hayohayo linaishi Namaqualand, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini. Baadhi yao wameharibika fungu la basolaterali peke yake, kiini cha kati kikiwa kizima. Hao huwa wepesi mno kuguswa na nyuso zenye woga, kinyume kabisa cha S.M.

Tuzo na kujifunza

Kima akilishwa karanga hadi akinai, kisha akapewa nafasi ya kuchagua kati ya vitu viwili, kimoja kinacholeta karanga na kingine chakula tofauti, huchagua cha pili. Kima aliyeharibiwa amigdala huendelea kuchagua karanga kana kwamba hajashiba. Jaribio hili la 1997 linaonyesha kwamba amigdala huweka hesabu ya thamani ya tuzo kwa wakati uliopo.

Je, ni seli zilezile zinazobeba mema na mabaya? Mwaka 2006 maabara ya Daniel Salzman katika Chuo Kikuu cha Columbia iliwaonyesha kima picha, nyingine zikifuatwa na maji ya kunywa na nyingine na mpulizo wa hewa usoni. Baadhi ya seli ziliitikia picha za maji, nyingine za mpulizo. Maana za picha zilipogeuzwa, seli nazo ziligeuza mwitikio, na kasi yao ililingana na kasi ya kima wenyewe kujifunza. Kwa panya wadogo, maabara ya Susumu Tonegawa iliripoti mwaka 2016 aina mbili za seli zinazotofautiana kwa jeni zinazofanya kazi ndani yake: za mbele huelekea kwenye mabaya, za nyuma kwenye mema.

Njia ya kutokea nayo ina maana. Mwaka 2011 wanasayansi walitia seli za basolaterali protini inayoitikia mwanga, wakaimulika mikia ya nyuzi zake ndani ya kiini akumbeni. Panya wadogo waliingiza pua kwenye tundu tena na tena ili wamulikwe. Dawa ya kuzuia kipokezi kimoja cha dopamini iliwafanya waache. Kiini cha kati pia huongeza hamu: kikichochewa wakati panya anapata tuzo fulani, panya huyo huishikilia tuzo hiyo na kuziacha nyingine.

Msongo

Amigdala hushiriki kuwasha mfumo wa haipothalamasi, tezi ya pituitari na tezi za adrenali, ambao mwisho wake ni kotisoli. Homoni inayouanzisha, CRF, ilitambuliwa na Wylie Vale na wenzake mwaka 1981, na kiini cha kati cha amigdala kina seli zinazoitengeneza. Hapa pana tofauti muhimu: kwenye haipothalamasi kotisoli huzuia CRF isiendelee kutengenezwa, lakini kwenye kiini cha kati huiongeza. Breki ya mahali pamoja ni kichocheo mahali pengine.

Msongo wa muda mfupi hukaza kumbukumbu. James McGaugh na Larry Cahill wa California waliwaonyesha watu slaidi za mtoto anayegongwa na gari. Waliopewa propranolol, dawa ya kuzuia adrenalini na noradrenalini, hawakukumbuka kipande cha ajali vizuri zaidi ya vipande vingine, tofauti na wale ambao hawakupewa. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi iliyounganisha Waswisi wenye afya na wakimbizi wa Kinyarwanda walionusurika vitani na kuishi katika makazi ya Nakivale, Uganda. Wenye namna fulani ya jeni ya kipokezi cha noradrenalini walikumbuka zaidi mambo ya kihisia, na miongoni mwa wakimbizi walirudiwa zaidi na kumbukumbu za mateso yao.

Msongo wa muda mrefu hubadili umbo la seli zenyewe. Maabara ya Sumantra Chattarji mjini Bengaluru, India, iliwabana panya saa 2 kila siku kwa siku 10. Matawi ya seli za hipokampasi yalisinyaa, ya amigdala ya basolaterali yalirefuka. Baada ya siku 21 za mapumziko hipokampasi ilikuwa imerudi hali yake. Amigdala haikurudi.

Magonjwa na tiba

Amigdala zinazoitikia kupita kiasi huonekana kwenye picha za MRI za wagonjwa wa kiwewe na wa hofu zilizopita mipaka. Uraibu, sonona na usonji pia huhusishwa nayo. Kifafa kinachoanzia hapo kinaweza kujitokeza kama hofu ya ghafla isiyo na sababu, au harufu mbaya ambayo hakuna mwingine anayeinusa.

Tiba za kumkutanisha mgonjwa hatua kwa hatua na kile anachokiogopa zinaegemea kanuni ileile ya mlio usiofuatwa na shoti. Huko Nakivale, tiba ya namna hii ya kusimulia upya mateso ilitolewa na wakimbizi waliofunzwa kazi hiyo, wasio madaktari, na matokeo yake mazuri yalichapishwa 2008. Dawa kama diazepamu hutuliza kwa kuongeza nguvu ya GABA, katika amigdala na kwingineko.

Katika miaka ya 1960 Hirotaro Narabayashi wa Japani aliharibu amigdala za wagonjwa, baadhi yao watoto, ili kupunguza ghasia. Upasuaji wa shabaha hiyo umeachwa karibu kila mahali. Leo amigdala huondolewa hasa kwa wagonjwa wa kifafa kisichosikia dawa, pamoja na sehemu ya hipokampasi, na kwa upande mmoja tu.