Ndege za Totes Meer

Mchoraji wa Kiingereza Paul Nash aliukamilisha mchoro wa Totes Meer, yaani bahari iliyokufa, mwaka 1941. Ni picha ya rangi za mafuta yenye urefu wa sentimita 152 hivi na kimo cha sentimita 102. Mawimbi yanayopiga ufukweni ni mabawa, mikia na viwiliwili vya ndege za Kijerumani, vilivyorundikana chini ya mwanga wa mwezi.

Bahari hiyo ilikuwepo kweli, ila nchi kavu. Ilikuwa Cowley, pembeni mwa mji wa Oxford, kwenye jaa la ndege zilizoanguka au kutunguliwa. Chuma chakavu kilikuwa mali wakati wa vita: aluminiamu iliyeyushwa ili itumike tena. Nash alikuwa amepangiwa Wizara ya Anga mwaka 1940 na kamati ya wasanii wa vita iliyoongozwa na Kenneth Clark. Maradhi ya pumu yalimzuia kuruka, kwa hiyo alizichunguza ndege zikiwa chini, na nyingi alizichunguza zikiwa zimeshaharibika.

Alipofika Cowley alikuwa na kamera. Picha alizopiga zimehifadhiwa, na ndizo ushahidi bora wa alichokiona. Zinaonyesha vyuma vilivyopinda na mabawa yaliyoegemeana, na ukiziweka kando ya mchoro unaona alivyoupanga upya mrundo mzima hadi ukafanana na maji yanayojikunja. Badiliko kubwa zaidi ni la uraia wa ndege zenyewe. Jaani Cowley mabaki ya Waingereza yalichanganyika na ya Wajerumani. Nash aliyaacha ya Wajerumani peke yao, na misalaba yao mabawani. Hapo alichora kama mtu mwenye upande katika vita, wala hakuficha. Bundi mweupe anayepita chini chini juu ya mabaki naye ni wa kuongezwa. Nash alimweleza Clark kwamba alimhitaji hasa kwa umbo na rangi yake, aungane na ukingo wa mawingu.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kutaja ndege moja moja katika Totes Meer kwa namba zake hana pa kushika: vipande vimerahisishwa na kuunganishwa kwa hesabu za mchoraji. Kazi hiyo inafaa zaidi kwa michoro yake ya ndege moja, kama ule wa mwaka 1940 wa Messerschmitt iliyoanguka katika bustani kuu ya Windsor (jina la ndege hiyo Nash aliliandika kimakosa, kwa d badala ya t).

Mwaka 1946, mwaka aliofariki Nash, kamati iliukabidhi mchoro wa Totes Meer kwa jumba la sanaa la Tate, London.