Taa za Land Rover na Mtoto wa Mgongoni

Kwenye sebule ya marehemu bibi yangu, Kisondela, kuna picha moja ambayo kila aliyekulia nyumba ile ameshasimuliwa habari zake. Bibi amesimama mbele ya Land Rover, kitambaa kichwani, mtoto mgongoni. Babu yuko pembeni, ameshika mlango wa gari kama vile ni lake. Halikuwa lake. Nyuma yao migomba, kama kawaida ya kwetu. Picha hiyo, tuliambiwa, ilipigwa siku za Uhuru, Desemba 1961, na mtoto wa mbelekoni ni baba mkubwa, aliyezaliwa mwaka huohuo. Mwenyewe hakuwahi kuiacha sifa hiyo ipite. Mgeni akifika, kabla hajamiminiwa chai ameshaonyeshwa ukutani: "Huyo ni mimi. Nchi ilipata uhuru nikiwa mgongoni."

Likizo iliyopita nilikwenda na rafiki yangu mmoja, fundi wa gereji pale Tukuyu mjini. Akaonyeshwa picha, akaisogelea, akanyamaza. Kisha akasema taratibu, kwa adabu: "Baba, samahani. Gari hili taa zake ziko kwenye madigadi."

Kwa mtu asiyejali magari, hiyo ni sentensi ya kupuuza. Taa ni taa. Lakini wanaozijua Land Rover za zamani wanasoma uso wa gari kama karani anavyosoma tarehe kwenye stakabadhi. Gari lile lilizinduliwa Amsterdam, Aprili 1948, likiwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo. Zile za mwanzo kabisa taa zao zilikaa nyuma ya wavu wa shoo, kama macho ya mtu anayechungulia dirishani. Baadaye wavu ukakatwa ili taa zitokeze. Mwaka 1958 likaja toleo la pili, lenye bodi pana iliyopinda mabegani, na mwaka 1961, mwaka wetu wa Uhuru, likafuata lile linaloitwa IIA. Yote hayo taa zake zilikuwa katikati, zimekaribiana, shoo ya waya ikiwa kati yake.

Taa zilihamia kwenye madigadi kuanzia 1968. Sababu inayotajwa si urembo: ni sheria za taa za nchi kama Australia, Marekani na Uholanzi. Kwa Uingereza kwenyewe badiliko likafika 1969. Yaani mtu wa ofisini, mbali kabisa na Rungwe, aliandika kanuni kuhusu umbali wa taa, na miaka zaidi ya hamsini baadaye kanuni hiyo ikaja kumkuta baba mkubwa sebuleni.

Shoo nayo ina lake la kusema. Taa zilipohama, shoo ya waya ikatengenezwa upya, ikapata umbo la msalaba mnene. Haikukaa sana. Mwaka 1971 likaingia toleo la tatu na shoo ya plastiki, na geji za dashibodi, ambazo miaka yote zilikuwa katikati, zikahamishiwa mbele ya dereva. Wazee wa gereji hawajaisamehe plastiki ile mpaka leo. Shoo ya waya, wanasema, ungeweza kuivua ukachomea nyama safarini. Ya plastiki utachomea nini? Oktoba 2024, Land Rover zilipofurika Arusha kwenye tamasha lao, ndiyo mambo ambayo ungewasikia watu wakibishania: shoo ipi, bawaba zipi, beji ya aina gani. Unaweza kuwacheka. Mimi nilikuwa nawacheka.

Katika picha yetu shoo ni ya waya, ina umbo la msalaba, na taa ziko kwenye madigadi. Gari la kati ya 1968 na 1971, basi.

Baba mkubwa hakukubali kirahisi, na hoja yake ilikuwa nzuri kuliko watu wengi wanavyofikiri. Magari haya huku kwetu hayabaki yalivyotoka kiwandani. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Bodi ya aluminiamu inavumilia, lakini chesisi ni chuma, na chuma huliwa. Kwa hiyo mafundi huchukua chesisi ya hili, madigadi ya lile, boneti ya la tatu. Nimeona Land Rover moja mjini yenye shoo ya plastiki na geji za katikati. Ukiliuliza umri, litakujibu mara mbili. "Sasa," akasema baba mkubwa, "kama madigadi yalibadilishwa?"

"Hata kama yalibadilishwa, baba," fundi akajibu, "mwaka 61 ya namna hii yalikuwa bado hayajatengenezwa."

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Spea ngeni haiwezi kukuambia picha ilipigwa kabla ya lini. Shoo ya 1970 inaweza kukaa kwenye gari mpaka 1990. Inachoweza kukuambia ni upande mmoja tu: haikupigwa kabla. Upande wa pili tuliupata kwa babu, pale alipo, mkono mlangoni. Babu alifariki 1972.

Tukabaki na miaka minne. Katika miaka hiyo baba mkubwa alikuwa mvulana wa shule, na baba yangu, wa 1964, alishaanza kuchunga ng'ombe. Hakuna aliyekuwa wa kubebwa. Wa kubebwa alikuwa mmoja, shangazi, aliyezaliwa 1969 na kufa kwa surua kabla hajatimiza miaka mitatu. Nyumbani alikuwa akitajwa kwa nadra, na sote tulijua kwamba hakuna picha yake hata moja.

Baba mkubwa aliishusha picha, akaifuta kioo kwa kiganja, akaigeuza. Nyuma hapakuandikwa kitu. Akakaa nayo mapajani muda mrefu, chai ikapoa. "Alikuwa anaogopa ngurumo," akasema mwishowe. "Nilikuwa namziba masikio."

Juzi nilipiga simu nyumbani, nikasikia sauti ya mgeni kwa nyuma, na baba mkubwa akimwelekeza ukutani. "Huyo ni mdogo wangu," alikuwa anamwambia. "Mimi siku hiyo sijui nilikuwa wapi. Shuleni, nadhani."