Jina Kwenye Daftari: Kwa Nini Nesi wa Huku Hurudi Darasani

Huku Uingereza sisi wazima, ni baridi tu inayotusumbua, nayo tumeshaizoea.

Tangu nilipowaambia kwamba mwaka 2021 nilirudi darasani, swali ni lilelile. Mjomba aliniuliza kwa simu, "Wewe si nesi tangu miaka ya tisini? Kwani elimu inaoza?" Wifi yangu yeye alidhani nimefukuzwa kazi naficha. Nimeona bora nieleze yote mahali pamoja, tena kuanzia mbali, maana jambo hili lina historia ndefu na ukiijua utaona halikuanza jana.

Kwanza mjue hivi: hapa cheti cha chuo peke yake hakikufanyi muuguzi. Kinachokufanya muuguzi ni jina lako kuwemo kwenye daftari la baraza la wauguzi. Kila aliyesajiliwa ana nambari yake, na manesi wenyewe huiita pini. Pini ikiisha nguvu, huruhusiwi kufanya kazi ya muuguzi wala kujiita muuguzi aliyesajiliwa, hata kama umeshika sindano miaka thelathini.

Daftari hilo lilipatikana kwa vita. Karne ya 19 mtu yeyote hapa aliweza kujiita nesi, aliyesomea na asiyesomea. Mama mmoja, Ethel Gordon Fenwick, aliyewahi kuwa mkuu wa wauguzi wa hospitali ya St Bartholomew's ya London, akaanza mwaka 1887 kudai daftari la serikali. Mtajiuliza nani angepinga jambo jema kama hilo. Aliyepinga alikuwa Florence Nightingale mwenyewe! Hoja yake ilikuwa kwamba uuguzi ni tabia na moyo, na mtihani hauwezi kupima moyo wa mtu. Mabishano yakaendelea hata baada ya Nightingale kufariki mwaka 1910.

Wakati wao wanabishana, wengine wakawapita. New Zealand ilitunga sheria yake mwaka 1901, na Januari 1902 Ellen Dougherty akawa muuguzi wa kwanza kusajiliwa huko. Wakunga wa England nao walipata sheria yao mwaka huohuo wa 1902. Wauguzi wa Uingereza walisubiri hadi Vita Kuu ya Kwanza ipite. Hospitali zilikuwa zimejaa wasaidizi wa kujitolea, na waliosomea wakataka kujulikana nani ni nani. Sheria ikapitishwa Desemba 1919, daftari likafunguliwa mwaka 1921, na nambari ya kwanza kabisa ikawa ya Ethel Gordon Fenwick. Wanaume waliwekwa sehemu yao ya pembeni, wakaunganishwa na wenzao mwaka 1949.

Sasa tufike kwenye swali la mjomba. Daftari la zamani liliuliza swali moja tu: ulisoma? Halikuuliza kama bado unajua. Wakunga ndio waliotangulia kubanwa, maana sheria yao ya mwaka 1936 ilileta habari ya kurudi kujinoa kila baada ya miaka fulani. Wauguzi walifuata baadaye sana. Baraza jipya lilishika kazi mwaka 1983, na kuanzia mwaka 1995 likaanza kudai kwamba kila anayetaka kubaki daftarini aonyeshe amejisomea. Likaja na sharti la saa za kazi pia, na asiyekuwa nazo akatakiwa kupitia kozi ya kurudi kazini. Mwaka 2002 baraza hilo nalo likapisha baraza la sasa, linaloitwa kwa kifupi NMC.

Kilichokaza kamba zaidi ni habari za hospitali ya Stafford, ambako wagonjwa waliteseka kwa kutohudumiwa ipasavyo. Ripoti ya uchunguzi ilitoka mwaka 2013, na kati ya mambo iliyopendekeza ni kwamba wauguzi wathibitishwe upya mara kwa mara. Tangu Aprili 2016 ndivyo ilivyo. Kila miaka 3 unaonyesha saa 450 za kazi, saa 35 za kujisomea, maoni matano ya watu kuhusu kazi yako na maandishi matano ya kutafakari kazi hiyo. Ada nayo ni ya kila mwaka, na mwaka 2015 ilipandishwa hadi pauni 120.

Mimi, kama mnavyojua, niliondoka mwaka 2011 kuja Tanga kumuuguza mama baada ya kiharusi. Nilijua pini itakufa, na nilichagua hivyo, kwani pini inafufuliwa lakini mama hafufuliwi. Tulipomzika na mimi kurudi huku, nilipata kazi ya msaidizi wa wauguzi. Nisieleweke vibaya, ni kazi ya heshima. Lakini mshahara ni wa ngazi ya 2 wakati muuguzi anaanzia ngazi ya 5, na ndiyo sababu miaka ile ada za watoto kule nyumbani zilikuwa zinakuja nusu nusu. Sikupenda kuwasimulia wakati ule.

Corona ilipoingia mwaka 2020 walifungua daftari la muda ili walioacha kazi warudi haraka, lakini waliitwa wale walioondoka miaka ya karibuni tu. Mimi nilikuwa nje muda mrefu zaidi, hivyo halikunihusu. Zikabaki njia mbili. Ya kwanza ni mitihani miwili, mmoja wa kompyuta na mwingine wa vitendo, ileile wanayofanya wauguzi wanaotoka nje. Ya pili ni kozi ya chuo pamoja na zamu za wodini chini ya uangalizi, ambayo kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 12. Nilichagua kozi.

Na hapa ndipo ninapomjibu mjomba: ndiyo, elimu inaoza kidogo. Nilipoondoka mwaka 2011 tulipima presha, homa, mapigo na pumzi, kila wodi na karatasi yake. Mwaka 2012 madaktari wa hapa walitoa mfumo mmoja wa kutoa pointi kwa kila kipimo, ukaboreshwa mwaka 2017. Unajumlisha, na jumla ikipanda unaita daktari kabla mgonjwa hajazidiwa. Wenzangu wa umri wa wanangu walikuwa wanausoma kama magazeti. Mimi nilianza moja. Lakini kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala, au kukaa na mtu anayekata roho, hayo walikuja kuniuliza mimi. Kwa hiyo naona Fenwick alikuwa na haki yake, na Nightingale naye alikuwa na yake.

Mwaka 2022 jina langu lilirudi daftarini. Siku hiyo nilipiga simu nyumbani, mkadhani kuna msiba kwa jinsi nilivyokuwa nalia!

Nimalizie na wosia kwa wadogo zangu manesi mnaotaka kuja huku. Msiache leseni zenu za nyumbani zife mkifika ughaibuni. Baraza la huku huliuliza baraza la nchi uliyosomea kama usajili wako ni safi, na wapo dada zetu wanaolea wazee huku wakiwa na vyeti sandukuni kwa sababu ya karatasi za nyumbani. Lipieni ada kwa wakati na mtunze barua za kazi. Kuhusu Kiingereza, tangu Februari 2023 aliyekwisha kufanya kazi ya afya hapa anaweza, kwa masharti, kuongezewa uthibitisho na mwajiri akikosa alama kidogo tu. Wengi hawalijui hilo, waambieni.

Mwenye swali anipigie, lakini si usiku, nina zamu wiki hii. Wasalimieni wote, na shangazi mwambieni dawa za presha hazirukwi hata siku moja.