Binti mfalme, mlima na tone la maji

Haya jamani, siasa leo tuzipumzishe. Twendeni Uajemi, nchi ambayo sisi watu wa pwani tunaitaja kila siku bila kuifikiria.

Kuna kijiji kinaitwa Chak Chak. Kiko mkoa wa Yazd, katikati ya Iran, karibu na mji wa Ardakan. Ni jangwa na milima mikavu. Jina lenyewe ni mlio wa maji yanayodondoka, kama sisi tunavyosema ndo ndo ndo. Juu kwenye jabali kuna chemchemi inayotoa maji tone kwa tone, na kando yake umeota mti mkubwa wa kale. Hapo ndipo lilipo hekalu la Wazoroasta, wafuasi wa dini ya zamani ya Uajemi. Kila mwaka katikati ya Juni mahujaji hufika kutoka Iran, India na kwingineko. Desturi ni kwamba ukishaliona hekalu kwa mbali, unashuka kwenye chombo na kumalizia kwa miguu.

Sasa hadithi. Wanasema mwaka 640, majeshi ya Waarabu yalipokuwa yakiiteka Uajemi, Nikbanou, binti wa mfalme Yazdegerd wa Tatu, alikimbilia huko. Alipozingirwa akamwomba Mungu wake, Ahura Mazda. Mlima ukafunguka, ukamficha. Maji yale ni machozi ya mlima unaomlilia, na mti ule ni fimbo yake.

Mimi mwandishi wa habari, nikauliza: ushahidi uko wapi? Yazdegerd alikuwepo, hilo halina ubishi. Alianza kutawala mwaka 632, jeshi lake likavunjwa Nahavand mwaka 642, naye akauawa karibu na Merv mwaka 651. Lakini binti aliyemezwa na mlima?

Tena kuna linalotia shaka zaidi. Huko Rey, kusini mwa Tehran, kuna ziara ya Bibi Shahrbanu. Waislamu wa Kishia husimulia kwamba naye alikuwa binti wa Yazdegerd huyohuyo, akaolewa na Imam Hussein, na baada ya Karbala mwaka 680 akakimbia hadi mlima ukamficha. Mfalme mmoja, mabinti wawili, milima miwili, dini mbili! Mtaalamu Mwingereza Mary Boyce, aliyeishi na Wazoroasta wa Sharifabad, kijiji jirani na Ardakan, aliandika mwaka 1967 kwamba ziara ya Rey huenda ilikuwa ya Anahita, mungu wa kike wa maji, kabla ya Uislamu.

Basi ni uongo mtupu? Zamani ningejibu ndiyo. Bibi yangu mzaa mama husema sisi ni Washirazi. Mimi, na diploma yangu mpya, niliandika kwamba ile habari ya Kilwa, ya mfalme wa Shirazi, wanawe sita na majahazi saba, ni uzushi wa watu wanaoukimbia Uafrika. Bibi akasomewa. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Mjukuu wangu, wewe ulikuwepo?" Nikacheka.

Mwaka 2023 jarida la Nature likatoa utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa pwani yetu karne nyingi zilizopita. Ikaonekana kwamba kuanzia karibu mwaka 1000, wanaume kutoka Asia, wengi wa asili ya Uajemi, walizaa na wanawake wa Kiafrika. Mfalme na majahazi saba havimo. Lakini kiini cha maneno ya bibi kimo. Kimo pia kilichosahauliwa na hadithi yenyewe: wale mabibi wa Kiafrika.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nikampa shikamoo, nikaeleza yote. Akaniuliza kama nimekula.

Ndiyo maana Nikbanou simcheki tena. Mkoa wa Yazd ulikuwa kweli kimbilio la Wazoroasta walipobaki wachache. Wengine walihamia India wakaitwa Maparsi, na kizazi chao kikafika hadi Zanzibar, alikozaliwa Freddie Mercury mwaka 1946. Mlima haukufunguka, lakini watu walijificha kweli.

Siku hizi nikisikia hadithi nauliza maswali mawili: inahifadhi nini, na inamficha nani? Je, ya kwenu inasemaje? Muulizeni bibi kabla hamjaandika.

Naomba kutoa hoja.