Homa na kikohozi mjini: Nani bado anapima Uviko-19?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

TANGU Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza Mei 5, 2023 kwamba Uviko-19 si tena dharura ya afya ya kimataifa, swali moja limebaki likielea katika vyumba vya madaktari na katika kaya nyingi za mijini: mtu akiamka na homa, kikohozi na koo linalowasha, je, bado anapima ugonjwa huo?

Kwa Dar es Salaam, kama ilivyo kwa Nairobi au London, walio wengi hawapimi. Tofauti iko katika sababu. Ng'ambo watu walizoea kupima, kisha wakaacha. Huku kwetu wengi hawakuwahi kuanza.

Njia anayopita mgonjwa wa mjini inafahamika. Siku ya kwanza ni chai ya tangawizi na malimao, vidonge vya kutuliza maumivu na, kwa wale waliobaki na desturi ya mwaka 2020, kujifukiza nyungu. Siku ya pili ni duka la dawa muhimu lililo jirani, ambako mgonjwa hueleza dalili zake akiwa amesimama kaunta na kuondoka na azithromaisini ya vidonge vitatu. Homa isiposhuka, ndipo huenda zahanati, na huko jambo la kwanza linaloshukiwa ni malaria. Kidole kinachomwa, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka, na majibu yakiwa hasi, mara nyingi uchunguzi huishia hapo. Mgonjwa huambiwa ana "mafua makali" au "maambukizi ya njia ya hewa", maneno ambayo si ya uongo, lakini hayamwambii ni kirusi gani amekibeba kwenda nacho nyumbani kwa bibi yake.

Machi 16, 2020 mambo mawili yalitokea kwa siku moja. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa corona, na huko Geneva Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliziasa nchi zote zipime, akilirudia neno hilo mara tatu. Hoja yake ilikuwa kwamba moto hauzimwi na mtu aliyefungwa macho.

Haikuchukua miezi miwili kabla kipimo chenyewe hakijageuka kuwa mshitakiwa. Mei 3, 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kuwa sampuli za papai, mbuzi na kware, zilizopelekwa maabara kwa siri zikiwa zimepewa majina na umri wa watu, zilionekana kuwa na virusi. Uongozi wa maabara ya taifa ulisimamishwa kazi. Siku chache baadaye mkuu wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Afrika (Africa CDC) wakati huo, Dk. John Nkengasong, alikanusha kuwa vipimo vilivyosambazwa na kituo chake vilikuwa na kasoro. Takwimu za Tanzania ziliganda katika wagonjwa 509 na vifo 21, zikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Ni vigumu kupima kiasi cha shaka iliyopandwa siku ile, lakini papai lile bado linatajwa vijiweni kila neno corona linapozuka. Raia aliyelisikia kutoka kwa kiongozi wa nchi hakuwa na sababu ya kutoa nauli yake kwenda kuchokonolewa pua.

Matokeo yake, kwa miezi mingi watu waliugua na kuzikwa kwa majina mengine: nimonia, changamoto ya upumuaji, presha. Ndiyo maana tangazo la chama cha ACT-Wazalendo la mwishoni mwa Januari 2021, kwamba Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, amepimwa na kukutwa na corona, lilishtua wengi. Hapakuwa na kiongozi mwingine wa ngazi yake nchini aliyekuwa ametangaziwa majibu hadharani namna ile. Maalim Seif alifariki dunia Februari 17, 2021 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Upepo uligeuka chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Kamati ya wataalamu aliyoiunda ilishauri takwimu zitolewe, na Juni 28, 2021, akizungumza na wahariri, Rais alisema nchi ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 100, baadhi yao wakiwa wanasaidiwa kwa hewa ya oksijeni. Mwezi mmoja baadaye, Julai 28, alichanjwa mbele ya kamera.

Hata hivyo, chanjo ndiyo iliyopigiwa debe. Upimaji ulibaki shughuli ya wasafiri. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa akifuata mzigo Dubai alipima kwa sababu bila cheti cha PCR hakupanda ndege, na kwa muda alilazimika kupima tena uwanjani saa chache kabla ya kuruka. Kwa mtu wa namna hiyo kipimo kilikuwa kama viza: kinalipiwa, kinachukuliwa, kinasahauliwa. Masharti hayo yalipoanza kulegezwa mwaka 2022, na China nayo ilipoacha kudai majibu ya kipimo kwa wanaoingia kuanzia Agosti 30, 2023, sababu ya mwisho ya wengi kupima ikatoweka.

Leo neno Uviko hutajwa zaidi katika majengo kuliko katika maabara. Mkopo wa Sh1.3 trilioni uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 ulijenga, pamoja na mambo mengine, madarasa 15,000, na wapo watoto wanaosoma katika "madarasa ya Uviko" ambao hawajawahi kukiona kipimo cha ugonjwa huo.

Tanzania haikuwa peke yake. Oktoba 2021, WHO Kanda ya Afrika ilikadiria kwamba maambukizi sita katika kila saba barani humu hayakugunduliwa. Hadi wakati huo vipimo vilivyoripotiwa vilikuwa takriban milioni 70, kwa bara lenye watu bilioni 1.3. Nchini Kenya, ambako majibu yalisomwa kwa taifa kila siku, watafiti wa Kilifi walipima damu ya wachangiaji iliyokusanywa kati ya Aprili na Juni 2020 na kukadiria kuwa mtu mmoja kati ya takriban 23 alikwisha kuambukizwa, idadi iliyowazidi mno waliokuwa wametangazwa. Rwanda nayo ilibuni njia ya kuchanganya sampuli za watu wengi na kuzipima kwa pamoja kwa hesabu maalumu, ili kubana matumizi ya kemikali. Utaratibu huo ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka huohuo wa 2020.

Kwa waliokuwa na uwezo, hadithi ni nyingine. England ilikuwa ikigawa vipimo vya nyumbani bure kwa kila aliyetaka, hadi ilipositisha utaratibu huo kwa watu wengi Aprili 1, 2022. Marekani ilituma vipimo kwa posta, ikasitisha na kurudia mara kadhaa, na mpango huo ukafungwa Machi 2025. Machi 2024 mamlaka za afya za nchi hiyo zilikuwa zimeshaondoa ushauri wa kujitenga siku tano kwa anayekutwa na ugonjwa. Mtu asiyetakiwa kujitenga, na anayetakiwa kununua kipimo kwa fedha yake, hujiuliza anapima ili iweje.

Swali hilo ni la haki, na jibu lake linategemea mgonjwa ni nani.

Kijana mwenye afya njema akipata Uviko-19 leo, matibabu yake hayana tofauti kubwa na ya mafua mengine: kupumzika, kunywa maji ya kutosha na kushusha homa. Kipimo hakitambadilishia dawa. Lakini mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, mwenye kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo, saratani au VVU visivyodhibitiwa, yuko katika kundi ambalo ugonjwa huo bado hulilaza hospitalini na hata kuliua. Kwake, kujua mapema ni jambo la siku na si la wiki. Dawa ya Paxlovid, kwa mfano, inatakiwa kuanza ndani ya siku tano tangu dalili zijitokeze, na haipatikani kila mahali. Hata pale isipopatikana, daktari anayejua anachokabiliana nacho hufuatilia kiwango cha oksijeni mwilini, kinachoweza kushuka wakati mgonjwa mwenyewe anajiona ana nafuu.

Kuna pia madhara ya kutibu kwa kubahatisha. Azithromaisini hupambana na bakteria. Majaribio makubwa yaliyofanyika Uingereza hayakuona faida yake kwa wagonjwa wa Uviko-19. Deksamethasoni, ambayo jaribio la RECOVERY lilitangaza Juni 2020 kuwa hupunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine za kupumulia na kwa moja ya tano kwa wanaohitaji oksijeni, haikumsaidia mgonjwa asiyehitaji oksijeni. Kumpa mzee mwenye kisukari dawa hiyo kwa sababu tu "amebanwa kifua" ni kumpandishia sukari bila faida.

Upande wa pili nao usisahaulike. Mwenye homa akidhani ni corona na kukaa nyumbani akijifukiza, anaweza kuwa na malaria, ambayo ikicheleweshwa huua, hasa mtoto. Dar es Salaam ilishuhudia mlipuko wa dengi mwaka 2019, na homa yake pia huanza kwa maumivu ya mwili na kichwa. Kwa hiyo katika nchi zenye malaria kipimo cha Uviko-19 hakichukui nafasi ya kile cha malaria. Huongezwa juu yake.

Vipo vipimo vya aina mbili vinavyotumika zaidi. PCR, njia iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993, hukuza chembechembe za vinasaba vya kirusi hadi zionekane. Huhitaji maabara, ni ghali na huweza kuendelea kuonyesha mabaki ya kirusi wiki kadhaa baada ya mtu kupona.

Kipimo cha haraka cha antijeni hutafuta protini ya kirusi na hutoa majibu kwa takriban dakika 15. Aliyewahi kupimwa malaria kwa kipimo cha haraka anakifahamu tayari, kwani teknolojia ni ileile: mstari kwenye herufi C huonyesha kuwa kipimo kinafanya kazi, na wa pili kwenye T huonyesha maambukizi. Tofauti ni kwamba badala ya damu huchukuliwa ute wa puani kwa kijiti cha pamba. Mstari wa T hata ukiwa hafifu huhesabiwa kuwa ni chanya. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika.

Udhaifu wake uko kwenye majibu hasi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kuwa, kwa wastani, vipimo hivi hugundua takriban asilimia 73 ya wagonjwa wenye dalili na asilimia 55 ya wasio na dalili. Kikisema mtu anao, karibu kila mara ni kweli. Kikisema hana, huenda amewahi mno. Kwa kuwa watu wengi sasa wana kinga ya chanjo au ya kuugua zamani, mwili huanza kupambana mapema, na dalili hutangulia kabla virusi havijawa vingi puani. Ndiyo sababu mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri mwaka 2022 kwamba mwenye dalili aliyepata majibu hasi arudie baada ya saa 48. Ushauri huo ni mgumu kwa aliyepata fedha ya kipimo kimoja kwa taabu.

WHO iliunga mkono mtu kujipima mwenyewe tangu Machi 2022. Tanzania haikuwa ngeni wa wazo hilo, kwani Bunge lilikwisha kurekebisha sheria mwaka 2019 kuruhusu kujipima VVU. Lakini kipimo cha Uviko-19 cha kutumia nyumbani hakikuwahi kuwa bidhaa ya kila duka la dawa, na sasa ambapo fedha za wafadhili zimeelekezwa kwingine hakuna dalili kwamba kitakuwa.

Ugonjwa wenyewe haujaondoka. Kirusi kiliendelea kubadilika. Aina ya JN.1 iliwekwa na WHO katika orodha ya zinazofuatiliwa kwa karibu Desemba 2023, na nyingine zimekuja baada yake. Katikati ya mwaka 2025, Wizara ya Afya ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi juu ya ongezeko la magonjwa ya njia ya hewa, Uviko-19 ukiwa miongoni mwake.

Ongezeko hilo halikuonekana kwa sababu wagonjwa wa mitaani walikimbilia kupima. Lilionekana kwa sababu vipo vituo vichache vya afya vilivyoteuliwa ambavyo huchukua sampuli za wagonjwa wenye dalili za mafua makali na kuzipeleka maabara, ambako hutafutwa homa ya mafua pamoja na Uviko-19. Nchi nyingine huchunguza pia maji taka, kwani kirusi hutoka na kinyesi na mfereji hauhitaji ridhaa ya mtu mmojammoja. Kwa njia hizo taifa linaweza kujua kuwa ugonjwa umepanda, huku mgonjwa aliyesimama kaunta ya duka la dawa, mkononi akiwa na vidonge vyake vitatu, akiwa hajui kama ni mmoja wa waliohesabiwa.