"Look" na mkia wake: stori ya kutoka Ufipa

Wadau, niko Sumbawanga tangu juzi. Baridi ya huku haina mchezo, tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na sweta nimeliacha Dar. Lakini leo sitaki kulalamikia baridi.

Jana nilipanda gari la abiria kwenda Muze. Mnaoijua njia ile mnajua kwamba inafika mahali uwanda unakwisha ghafla, barabara inaanza kuteremka kwenye kingo za Lyambalyamfipa, na bonde lote la Rukwa liko kule chini. Pembeni yangu alikaa dogo mmoja wa kidato cha pili, daftari la Kiingereza mapajani. Akaniamkia, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kaka, hivi 'we looked down on the valley' maana yake tulilidharau bonde?"

Nilicheka, halafu nikajistukia. Kaka mwenyewe niliwahi kula fimbo mbili kwa sababu ya neno hilohilo. Ilikuwa kidato cha kwanza, shule siitaji, niliandika "I am looking my pen". Kalamu ilikuwa imepotea, naitafuta! Mwalimu alitaka "for". Kwa nini "for" na siyo "after" au "at", hakusema, nami sikuthubutu kuuliza.

Nikamwambia dogo kwamba inaweza kuwa yote mawili, kulitazama bonde ukiwa juu yake au kulidharau, na maneno yanayozunguka sentensi ndiyo yataamua. Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson alipita nchi hii, akaliona Ziwa Rukwa, akalibatiza Leopold, jina la mfalme wa Wabelgiji, kana kwamba wenyeji walikuwa wanalizunguka miaka yote hiyo macho yamefumba. Yeye sijui alikuwa kwenye maana ya kwanza au ya pili.

Kiingereza chenyewe kilichelewa kupanda huku. Wamisionari wa White Fathers walifika Karema mwaka 1885, wengi wao wakiongea Kifaransa. Wajerumani wakaweka boma lao Kasanga, wakaliita Bismarckburg. Waingereza waliliteka mwaka 1916 wakitokea upande wa Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia. Kwa hiyo mtoto wa Laela au Kaengesa anajifunza Kifipa kwa mama na Kiswahili shuleni na sokoni, ndipo baadaye kabisa anakutana na "look" na kundi lake: look at, look for, look after, look into, look up to.

Na kundi hilo linawasumbua wageni wote, si Wafipa tu. Samuel Johnson, yule mtunga kamusi, alikiri kwenye dibaji yake ya mwaka 1755 kwamba tabia hii ya Kiingereza ya kubadili maana ya kitenzi kwa kukibandikia kineno nyuma ndiyo inayowatesa wageni kuliko nyingine. Mwingereza mwenyewe, tena mwenye kamusi! Jina la kitaalamu la vitu hivyo, "phrasal verbs", lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1925 katika kitabu cha Logan Pearsall Smith.

Sasa njoo kwa Edward Steere, mmisionari wa Zanzibar aliyekuja kuwa askofu. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili kwa ajili ya Waingereza wenzake. Humo anawaeleza kwamba pale wao wanapotumia kineno cha kuunganisha kitenzi na mtu au kitu, Mswahili mara nyingi anageuza mwisho wa kitenzi, kikawa na -ia au -ea. Yaani vineno vyao vinasimama peke yake, vyetu vimo mkiani mwa kitenzi. Kifipa nacho kina mikia ya aina hiyo, kama ndugu zake wengine wa Kibantu.

Jaribuni wenyewe. Mtu anakodoa macho tu, halijatajwa anayetazamwa. Akimpata wa kumtazama, "anamkodolea" macho. Hiyo -lea inafanya kazi ileile ya "at". Tazama, halafu tazamia: umetoka kwenye kuangalia kilichopo, umeingia kwenye kungojea kisichofika, na Mwingereza hapo anahitaji "look forward to", maneno matatu. Kwenye ona ndiyo raha kabisa. Ukimwona mtu hujamkosea. Ukimwonea, kesi! Lakini ukimwonea huruma umekuwa mtu mwema. Mzungu anayejifunza Kiswahili hapo lazima jasho limtoke, na sisi tunaona kawaida tu, kama yeye anavyoona kawaida "look after" isiwe na uhusiano wowote na kutazama baada ya kitu.

Kwingine hatutumii mkia, tuna kitenzi kingine kabisa. Tafuta. Tunza. Chunguza. Kagua. Dharau. Wenzetu wametoa "look" moja na kuivalisha kofia tofauti kila siku. Na tazama yetu haidai chochote, unamtazama mwalimu moja kwa moja, ndiyo maana tunaandika "I look the teacher" kwa roho safi kabisa.

Kinachoniuma ni hiki. Mwingereza wa 1870 aliandikiwa kitabu cha kumweleza tofauti hiyo. Mimi, zaidi ya miaka mia moja baadaye, nilipewa orodha ya kukariri na fimbo mbili. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza unaamkia kwenye Kiingereza, hata baiolojia inakuja na "look into" zake. Tume ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Haikutekelezwa. Sera ya elimu ya 2014 ikakifungulia Kiswahili mlango, toleo lake la 2023 likabakiza Kiingereza sekondari. Mbishane mnavyotaka kuhusu lugha ya kufundishia, lakini hili la kumweleza mtoto kwamba "at" anayo tayari, imo kwenye -lea, halihitaji tume.

Nilimweleza dogo hivyohivyo, tena kwa kelele maana gari lilikuwa linanguruma kwenye kona. Akaandika pembeni mwa daftari: kodoa, kodolea, at. Akaongeza mwenyewe "tumbua macho, tumbulia", bila mimi kumwambia. Tulipofika chini joto limetupokea akanipa jingine: "Sasa kaka, 'overlook'? Mwalimu alisema ni kupuuza, ila kwenye kitabu kuna nyumba ina-overlook ziwa. Nyumba inapuuzaje ziwa?"

Nikamwambia hiyo tutaijadili wakati wa kurudi.